Muziki Ulioachwa Njiani

Papa alitoa mawe kwenye redio yake wiki moja baada ya kumzika Mama. Hapa Goma mawe ndiyo betri. Akayapanga dirishani, akaifunika redio kwa kitambaa cha meza, na tangu siku ile nyumba yetu ya Keshero ikawa kimya kiasi cha kuniudhi. Ninasema kuniudhi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mtu aliyenilea kwa fidla na piano kila Jumapili baada ya misa, wakati majirani wote wakicheza rumba, sasa alikaa tu akitazama kitambaa.

Nikaamua kumrudishia muziki kwa simu yangu. Lo! Mtandaoni kuna kila kitu isipokuwa unachokitafuta. Kuna muziki wa kusomea, wa kulaza mtoto, wa kushusha presha, na mmoja mtu kauchanganya na sauti ya mvua, kana kwamba sisi tumepungukiwa mvua. Kuna vipande vinavyokatizwa na tangazo la sabuni mara tu unapoanza kutulia. Kila nilichomletea Papa alikisikiliza kwa adabu, kichwa kimeinama, kisha akasema, "Hapana ile."

"Ile gani, Papa?"

"Ile ya dimanche, baada ya misa. Mama yako alikuwa anaipenda."

Jina la muziki hakulijua. Mtangazaji wa zamani alilitaja kwa Kifaransa cha mbio. Alichoweza Papa ni kuniimbia mwanzo wake kwa pua, vibaya mno. Nami nikaiimbia simu ili iutambue, nayo ikanijibu kwa nyimbo za kwaya.

Niliupata mahali ambapo sikuwa nikitafuta. Nilikuwa Ndosho kwa fundi cherehani, nimesimama na gauni lililojaa pini, redio yake ikisoma matangazo ya vifo: familia fulani ina huzuni kubwa kuwajulisha ndugu na marafiki wa Butembo, wa Beni, wa Sake. Chini ya sauti ya msomaji fidla zilikuwa zikipanda polepole. Nimeusikia muziki huo maisha yangu yote, na sikuwahi kuusikiliza. Kwetu fidla hizo zina maana moja tu, mtu amekufa, na masikio hukimbilia jina. Siku hiyo niliyaacha majina yapite. Ulikuwa ule wa Papa. Nikaelewa pia kwa nini redio ilifunikwa, maana jina la Mama nalo lilisomwa juu ya muziki huo.

Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, hadi kituo cha redio. Fundi mitambo alicheka. "Ile musiki ya kilio? Tuliikuta hapa. Jina yake, nani anajua?" Akaupiga bila sauti ya msomaji, nikaisogeza simu kwenye spika, na mara hii simu ikanipa jina. Nilipofika nyumbani nikaupata mzima mtandaoni, zaidi ya nusu saa. Ndipo nikaogopa. Siku tatu nilikaa nao bila kumwambia Papa. Niliona nitamzika Mama mara ya pili, na kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumapili nikamweleza yote.

"Najua," akasema. "Ile communiqué ya kifo chake niliipeleka mimi mwenyewe. Kukuambia ndiyo ilinishinda. Weka."

Nikaunganisha simu na spika kubwa. Hata dakika tano hazijapita, mama jirani akaingia ameshika kichwa kwa mikono miwili, nyuma yake wanawake wawili wamefunga vitenge kiunoni, tayari kwa kilio.

"Maskini! Muzee ametuacha?"

Muzee alikuwa kwenye kiti chake. "Bado niko," akasema. "Muikale."

Wakakaa, maana hakuna aliyejua jinsi ya kuondoka kwa heshima. Nilitaka kucheka, nikaona haya. Fidla zikapanda, zikapanda, na Papa akainua kidole.

"Siku balisoma jina lake, musiki baliikata hapa," akasema. "Pale alikuwa anapenda ni mbele kidogo. Balimuacha katikati ya njia."

Mbele kidogo ikaja filimbi moja, nyepesi, kisha fidla zote zikaiitikia, karibu watu wacheze. Mama jirani alitutazama mmoja mmoja. Isipokuwa Papa, hakuna kati yetu aliyejua kwamba muziki wa kilio una furaha ndani yake. Papa alilia wazi, bila kujificha, nami nikalia, na majirani, ambao hata hivyo walikuwa wamekuja kulia, wakatusaidia.

Ulipokwisha waliaga, mmoja mmoja, wakampa Papa pole ambayo walikuwa wameshampa mwaka uliopita. Papa akainuka, akaenda dirishani, akayageuza mawe yake mkononi. Yalikuwa yameanza kuvuja.

"Haya yameharibika," akasema. "Kesho uniletee ingine."