Tulivyompokea Baba Miguu Yake

Mimi ndiye niliyemnyang'anya baba jembe. Nalisema mwanzoni ili mtu asije akadhani nawasingizia kaka zangu.

Nilikuwa nimetoka tu kumaliza kidato cha nne, matokeo mabaya, nataka nionekane nina faida nyumbani. Nikaushika mpini. "Baba, umefanya kazi ya kutosha. Wewe sasa ukae juani." Majirani wakanisifu. Kwetu Ilula mtoto mwenye adabu hamwachi mzee na mzigo. Ukimwona na ndoo unakimbia kumpokea. Usipompokea umemtukana. Basi tukampokea jembe, tukampokea ndoo, tukampokea kuni, mpaka tukampokea na miguu.

Na miguu ile mimi nilikua nikiitazama. Alikuwa akibeba tenga la nyanya begani kutoka bondeni mpaka barabara kuu bila kutua, mimi nyuma yake na kindoo changu cha sado kichwani, mashavu ya miguu yake yakipanda na kushuka kama panya chini ya shuka. Basi likisimama aliliinua tenga mpaka dirishani, akalishikilia hewani wakati abiria anabonyeza nyanya moja moja na kununa. "Chagua tu, mama, mkono haujachoka." Mkono wenyewe ulinuka majani ya nyanya, mweusi wa utomvu ambao sabuni haikuuweza. Jioni tulining'inia watatu kwenye mkono huo huo, akatuzungusha jikoni, mama akipiga kelele kwamba tutamwaga mboga. Sijawahi tena kujisikia mwepesi vile.

Mama alifariki, mimi nikaolewa Mbeya. Mwaka jana nilikwenda kumsalimia baba na mtoto wangu mgongoni. Akaenda chooni, akakawia. Kisha nikasikia: "Mama." Ndivyo anavyoniita. "Mama, niitie mwanaume."

Mwanaume hakuwepo. Alikuwa amechuchumaa kwenye choo cha shimo na mapaja yamekataa kumwinua. Niliingia, nikatazama ukutani, nikamshika kwapani. Alikuwa mwepesi mno. Tulipotoka hakuniangalia.

Kaka zangu wakaamua kwa simu kwamba ahamie kwangu Mbeya. Baba akasema, "Nikiondoka hapa, mnizike njiani." Kisha mmoja wao akaja na kiboksi cha sindano.

"Homoni za kiume, dada. Mzee atarudi kijana."

"Umezitoa wapi?"

"Kuna jamaa wa gym anauza."

"Ni daktari?"

"Ana mwili, dada. Ungemwona kifua!"

Nilimtukana tusi ambalo siliandiki hapa. Nikampakia baba kwenye basi, kwa ahadi ya kumrudisha, mpaka hospitali Mbeya, kiboksi kwenye mkoba. Daktari alikuwa binti wa umri wangu, na alipotaja homoni baba aliinamisha kichwa.

"Binti yangu, mke wangu yuko kaburini. Hizo nguvu nazipeleka kwa nani?"

Daktari akacheka, akamweleza kwamba homoni hiyo siyo ya chumbani tu, inalinda na misuli. Alimpima damu asubuhi, na asubuhi nyingine tena. Homoni haikuwa imepungua. Sindano, akasema, ni kwa mwenye upungufu uliothibitishwa, tena akifuatiliwa damu na tezi dume, siyo za kuchomana mtaani. "Na hata mwenye kuzihitaji, akikaa tu, misuli haitajijenga. Mzee, kutwa unafanya kazi gani?"

Baba akanitazama mimi kwanza.

"Wananipokea," akasema.

Daktari hakuelewa. Mimi nilielewa.

Tukapewa kazi: kuinuka kwenye kiti mikono ikiwa kifuani, mara tano, kupumzika, tena mara tano. Ndoo isiyojaa, kisha iongezwe taratibu. Mayai, maharage. Nikarudi naye Ilula. Siku ya kwanza aliinuka mara mbili akanilaani kwa Kihehe. Wiki ile yote alininunia, akisema nimemgeuza mwanafunzi wa darasa la kwanza. Nilikwenda Mbeya, nikarudi, nikaenda, nikarudi. Mume wangu alilalamika. Alalamike.

Mwezi wa tatu wa mazoezi hayo shangazi akatukuta: baba anatoka bombani na ndoo, mimi nimekaa kwenye mkeka nanyonyesha.

"We mtoto! Baba yako anabeba maji na wewe unamtazama? Shule ilikufundisha nini?"

Akakunja khanga, akanyoosha mkono kumpokea.

"Shangazi, mwache!"

Nilipiga kelele mpaka mtoto akaachia titi. Shangazi akabaki na mkono hewani. Katika maisha yangu sijamkatalia mkubwa namna ile, na nilijua ukoo mzima utalisikia kabla ya Jumapili. Baba akapita katikati yetu, polepole, maji yakimrukia kwenye buti. Akaingia na ndoo yake chooni, akafunga mlango.

Tukasimama. Shangazi alikuwa akisonya. Mimi nilitega sikio, nisikie kama ataniita.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka mwenyewe, anafunga mkanda, akatukuta tumemkodolea macho.

"Mnangoja zamu?" akauliza. Kisha akanigeukia. "Mama, kesho panda basi. Nenda kwa mumeo."