Kadi ya kumuaga Bi Ouida

Saa kumi na moja alfajiri, Ouida Tidmore anamwaga unga kwenye beseni bila kupima. Anavunjavunja siagi kwa vidole, anamimina maziwa mgando, anakanda mara nne tu, basi. Skonzi mia mbili zitatoka katika jiko hili kabla madereva wa malori ya magogo hawajaingia kudai chai.

Ana miaka hamsini na tisa, na hapa Coley Springs, Alabama, skonzi zake zina sifa. Lakini anayegonga mlango wa nyuma leo hakufuata skonzi. Ni Delphia, mfua mashuka wa nyumba ya wageni ng'ambo ya barabara, macho yamemvimba.

"Bi Ouida, wamenitoa jana. Eti mpwa wa meneja anahitaji kazi. Nataka kumshtaki!"

Ouida haachi kukata donge. "Alitaja rangi yako? Dini? Umri? Una mimba?"

"Mimba! Ya nani tena?"

"Ulikuwa umeumia kazini ukadai fidia? Uliripoti kitu cha hatari?"

"Hapana. Ni mpwa tu."

"Basi, mwanangu, amekuonea. Amekuonea mchana kweupe. Ila sheria hajaivunja."

Delphia analia. Ouida anamfungia skonzi mbili kwenye karatasi na kumtajia duka linalotafuta mtu. "Bora nikuumize mimi saa hizi," anamwambia, "kuliko uzungushwe mwaka mzima."

Alabama ndivyo ilivyo. Asiye na mkataba maalumu anaweza kuachishwa kazi siku yoyote, kwa sababu nzuri, ya kipuuzi, au bila sababu kabisa. Sheria imekataza sababu chache tu. Ouida, aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na sita, anazijua zote kwa kichwa. Kumsikia akizitaja huku akikata donge kwa kopo kunamwacha mtu mdomo wazi.

Somo la kwanza lilimpata kiwandani, alikoshona foronya miaka kumi na saba. Jumatatu moja baada ya sikukuu ya Shukrani, timu ya mpira ya chuo anachokipenda ikiwa imeshinda, aliingia kazini na skafu ya rangi ya chungwa. Msimamizi mpya alikuwa shabiki wa timu iliyofungwa. Kufikia saa sita mchana, Ouida alikuwa nje.

"Nilimkimbilia wakili nikijua nimeshinda," anasema. "Akaniuliza maswali hayahaya ninayowauliza wenzangu. Nikajibu hapana, hapana, hapana. Akasema, 'Bi Ouida, ni dhuluma. Lakini ushabiki wa mpira haumo katika sababu zilizokatazwa.' Nilitaka kumtupia skafu."

Akahamia kwenye mgahawa huu wa Royce Hatchett, mtu mpole ambaye hupangusa miguu hata akiingia kwake mwenyewe. Wakaelewana miaka sita. Kisha ikaja barua ya wito: Ouida amechaguliwa kuwa mmoja wa wananchi kumi na wawili wa kuketi mahakamani na kuamua kesi.

Wiki hiyo ilikuwa ya kufunguliwa kwa msimu wa kuwinda paa, na mgahawa hufurika.

"Waandikie kwamba unaumwa," Royce alimsihi.

"Aliyeshtakiwa naye ana mama yake, Royce. Siwezi kusema uongo."

Alikaa mahakamani siku tatu. Siku ya nne, saa kumi na moja kamili, alikuwa mlangoni na aproni mkononi. Royce akampa barua ya mstari mmoja: kazi imekwisha. Sababu haikuandikwa, kwa kuwa binamu yake Royce, mwenye kujua sheria kidogo, alikuwa amemuonya asithubutu kuiandika.

Hapo ndipo malezi yalipomponza Royce. Kwetu hapa mtu haondoki mikono mitupu, hata kama wewe ndiye unayemtoa. Kwa hiyo palikuwa na keki ya nazi, na kadi iliyosainiwa na wafanyakazi wote. Katikati, kwa mwandiko wa Royce: "Tutakukumbuka. Laiti usingekwenda mahakamani, ungekuwa nasi bado. Mungu akubariki."

Ouida aliisoma kadi mara tatu ndani ya gari, kisha akaendesha moja kwa moja hadi kwa Corinne Abernathy, wakili yuleyule wa skafu.

"Alivua miwani," Ouida anakumbuka. "Akasema, 'Barua haina kitu. Kadi imesema yote.' Maana kumtoa mtu kwa sababu ya kuitikia wito ule ni kosa kisheria. Nikaishika ile kadi kama yai."

Ilichukua miezi saba. Aliosha sakafu za kanisa, akauza cherehani ya mama yake. Kesi haikufika hukumuni: Royce alikubali kumlipa mishahara yote ya miezi hiyo na kumrudishia meko yake, kwani ndivyo Ouida alivyotaka.

"Na keki je?" anaulizwa.

"Nilikula yote. Keki ina kosa gani?"

Sasa ana mpango. Mwezi ujao atakwenda Montgomery, makao makuu ya jimbo, kuwaomba watunga sheria jambo moja: anayefukuzwa aandikiwe sababu. Corinne amemwambia sheria hiyo haitapita mwaka huu, pengine hata mwakani.

"Nitarudi mwaka mwingine," anasema. "Unga nao haukubali siku ya kwanza."

Karatasi ya saini za wanaounga mkono ombi hilo imebandikwa kando ya jokofu. Ina majina mia mbili na kumi na mawili, la Delphia likiwa la mwisho, wino haujakauka. La kwanza kabisa limeandikwa kwa mwandiko uleule wa kwenye kadi.

Royce anapoulizwa kwa nini alisaini, anaangalia viatu vyake.

"Kama ningelazimika kuiandika ile sababu kwenye barua, nikae nayo mezani, nimtazame usoni nikimkabidhi," anasema, "nisingeweza. Ningemwambia avae aproni."