Mpiga Ngoma Aliyeambiwa Apige kama Mashine

Royston Staniforth alisugua vijiko kiwandani hapa Sheffield, na jioni alikuwa mpiga ngoma wa bendi. Si msemaji. Haya aliniambia sote tukiwa wazee, na kwa kumvuta ulimi.

Bendi yao ilipendwa kwa kelele: magitaa yakikwaruza, Royston nyuma akiutangulia wimbo kidogo, utadhani anakimbilia basi. Kisha Miles, mwimbaji wao, aliyesoma chuo cha sanaa na hakutaka mtu asahau, akaleta kinanda cha umeme na mashine ya kupiga ngoma. Akaliambia gazeti la muziki kwamba ngoma za mkono zimepitwa na wakati. Royston aliyasoma hayo gazetini kama watu wengine. Ndivyo waungwana wanavyofukuzana huku kwetu.

Siku ya kurekodi, mashine ikagoma, na studio walikuwa nayo siku hiyo tu. Miles akapiga simu kiwandani.

"Roy, ndugu yangu, tuokoe."

"Si mmeniacha?"

"Nani kakuacha? Njoo bwana! Ila leo mbwembwe zako ziache nyumbani. Piga kama mashine. Na asijue mtu, sawa? Gazeti lilishaandika."

Akaenda. Mtu mpweke haringi akiitwa. Alipiga mchana kutwa, pigo lile lile, bila kuongeza wala kupunguza, mpaka mabega yakawaka moto. Miles akampigapiga mgongoni. "Hujawahi kupiga vizuri hivi!"

Royston alirudi nyumbani na furaha ya mtoto. Aliamini yupo atakayeutambua mkono wake mle ndani, hata mmoja tu, na hapo bendi itabidi imrudishe.

Santuri ikatoka, ikaanguka vibaya sokoni. Wapenzi wa bendi waliizomea. Gazeti likasema kinanda kinanguruma kama jokofu bovu na mashine ya ngoma haina moyo, mrudisheni binadamu.

Baa nzima ilimzunguka Royston.

"Umeisikia takataka ile, Roy?" alisema Walter, fundi wa kiwandani. "Bila wewe hawafiki popote!"

"Bati lile litajua nini kupiga ngoma?" akadakia mwingine. "Kunywa, mzee, hii juu yangu!"

Akanywa. Alitaka kusema, lakini alikwishaahidi. Halafu angesema nini? Kwamba hicho wanachokichukia ndicho yeye? Roho huniuma nikimfikiria pale, katikati ya watu wanaompenda, peke yake kabisa.

Akabaki mama yake, Bi Edna, aliyezivumilia ngoma zake ndani ya nyumba tangu akiwa mtoto. Jumapili, baada ya chakula, Royston alimwekea ile santuri, akakaa mbele yake akimtazama usoni. Bi Edna alisikiliza mpaka mwisho.

"Unaonaje, Mama?"

"Nisikufiche, mwanangu. Huyo waliyemweka mahali pako, sijui mtu sijui mashine, hana uhai hata chembe."

"Hata chembe?"

"Hata chembe. Mama yako hawezi kudanganyika. Ningekusikia wewe mle, ningekujua hapo hapo."

Royston akainua sindano ya gramafoni, akairudisha santuri kwenye jalada lake, akamuuliza kama angependa chai nyingine.