Mara Moja na Mdiria Asiyetulia

Mume wangu walimwita Mara Moja, na hawakumwita kwa ubaya. Alikuwa na studio ya picha karibu na stendi ya mabasi, chumba cha mbele chenye pazia la buluu na kiti cha kuzunguka. Mtu akikaa pale alimwambia, "Tulia. Usipepese." Akabonyeza mara moja, basi. Harudii. Mteja akiomba apigwe nyingine eti hakuwa tayari, anakuta mlango umeshafunguliwa. "Umeshatoka, ndugu yangu. Sura yako ndiyo hiyo hiyo." Na kweli picha inatoka, macho wazi, masikio yote mawili, kama ofisi zinavyotaka.

Watu wa mji huu wenye vitambulisho vya zamani, sura zao zimepita mkononi mwake. Na mkononi mwangu pia, siwezi kujinyima. Yeye alipiga, mimi nilikuwa kwenye chumba cha giza naosha, naanika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, nakata kwa mkasi. Shule sikukaa sana, lakini picha mbovu naijua hata ikiwa bado imo kwenye dawa. Picha yenye mchanga haikutoka dukani kwetu. Mchanga tuliita zile chembechembe zinazomjaa mtu usoni ukitumia filamu ya namba kubwa, ile ya kupigia penye mwanga hafifu. Mteja anajiona kama ana upele, anairudisha, na anasema kwa sauti ili walioko foleni wasikie. Kwa hiyo sisi tulitumia namba ndogo miaka yote, taa kali, na mteja atulie. Hiyo ndiyo kazi tuliyoijua.

Halafu zikaja simu, kila mtu akawa studio. Tukafunga. Mume wangu akawa anakaa mlangoni na shati lililopigwa pasi, kama anayesubiri mteja. Nilizoea. Mtu mzima huwezi kumwambia usivae shati.

Siku moja akaondoka asubuhi bila kuaga. Aliporudi alikuwa amebeba boksi. Kumbe ameuza taa zote, stendi ya kamera, na ile mashine ya kukuzia picha ambayo mimi ndiye niliyekuwa nikiifuta vumbi hata baada ya kufunga. Ndani ya boksi kulikuwa na kamera mpya ya dijitali, na lenzi ndefu kama chupa ya chai. Nilimwekea chakula mezani nikaingia chumbani.

Alinifuata mpaka mlangoni.

"Nimekutana na Mama Vitabu," akasema.

Mama Vitabu ni mwanamke ambaye ofisi yake inatengeneza vitabu vya kusomea watoto wa shule. Tangu ana mikia miwili ya nywele alikuwa anakuja kwetu kupigwa picha.

"Anataka picha ya mdiria, wa hapa hapa petu, ili mtoto akimwona nje amjue. Anasema jicho lionekane. Nikimpelekea kabla kitabu hakijaingia mtamboni, ataandika jina langu chini yake."

"Ndiyo uuze mashine?"

"Picha zote zile nilizopiga," akasema, "uliwahi kuona jina langu hata kwenye moja?"

Nikafikiri. Nyuma ya picha tuligonga muhuri, lakini muhuri ulikuwa na jina la studio, na studio ilikuwa na jina la mzee aliyeifungua kabla yetu. Hata huo muhuri, watu wa ofisi walikuwa wanaupaka gundi na kuubandika ndani. Nikatoka, nikala naye.

Mdiria ni yule ndege mdogo wa buluu, mdomo mrefu kuliko adabu zake. Kwetu anapatikana kwenye mabwawa ya maji taka ya mji, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mabwawa yamepangana, maji yanatoka moja kwenda jingine yakizidi kusafika, na lile la mwisho lina visamaki. Hapo ndipo anapovua. Tukawa tunakwenda alfajiri, yeye na kamera, mimi na kigoda. Nilimfuata kwa sababu magoti yake yameshika kutu, akichuchumaa hainuki. Yangu hayana nafuu kubwa, lakini mimi silalamiki.

Mlinzi wa mabwawa alitufungulia geti akicheka.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama. Wenzako wanawapeleka wake zao mahali penye upepo mzuri, wewe mzee unamleta mama huku?"

"Wewe wako umempeleka wapi?" nikamwuliza.

"Sijaoa bado, mama."

"Basi funga geti."

Ndege alikuja. Alitua juu ya usukani wa chuma wa kufungulia maji, kifua mbele kama mwenye kiwanda. Mume wangu akainua kamera, akamlenga, na nikamsikia kwa masikio yangu anamwambia, "Tulia." Akabonyeza mara moja. Ndege akaenda zake.

Tukatazama kwenye kioo cha nyuma ya kamera. Palikuwa na buluu iliyovutika, kama mtu amepangusa rangi mbichi kwa kitambaa. Jicho halimo.

"Amepepesa," mume wangu akasema.

Kesho yake akapata nyasi. Unyasi mmoja uliokuwa mbele ya ndege ulionekana mpaka mishipa yake, na ndege mwenyewe nyuma yake akawa moshi. Siku nyingine akapata usukani mtupu, chuma kimetoka vizuri, hata kutu unaweza kuihesabu. Tukawa tunarudi na tope kwenye viatu, harufu imetushika mpaka kwenye vitambaa vya kichwa. Yeye anakaa, anasahau kula, analala ameegemea ukuta. Akiamka anaitazama tena ile picha mbovu, kana kwamba imejirekebisha alipokuwa usingizini.

Mkwe wetu, mke wa kijana wetu, ana meza ya kutengeneza simu sokoni. Jioni moja alipita kutuona, akaiomba kamera, akaigeuza geuza.

"Baba, mbona namba umeiweka chini kabisa hivi? Na ndege yule hakai?"

"Ndiyo namba yangu."

"Pandisha, baba. Ukiipandisha inapiga haraka zaidi, ndege hawahi kujisogeza. Halafu hiki kitufe usikiachie. Kishikilie, itapiga nyingi mfululizo, wewe utachagua."

"Nyingi za nini? Nimmiminie ndege kama risasi?"

"Baba, hazina gharama hizi. Hakuna filamu humu."

"Mtu anayepiga nyingi hajui anachokitafuta," mume wangu akasema. "Na wewe, simu ya jirani uliyoitengeneza mbona inajizima?"

Mkwe akacheka mpaka akaweka kamera chini. "Ile aliitumbukiza kwenye ndoo, baba, nisingiziwe mimi?" Kisha akanigeukia. "Mama, msaidie basi. Mwambie apandishe namba."

"Namba haipandi," nikasema. "Mchanga hauingii nyumba hii."

"Mchanga wenyewe siku hizi hauonekani, mama."

"Huuoni wewe."

Akaaga. Ni binti mwenye heshima, hakununa, ila mlangoni alitikisa kichwa, nikamwona.

Baada ya hapo mume wangu akaanza kukohoa, kikohozi cha baridi ya asubuhi. Kikombe cha chai akikishika kwa mikono miwili bado kinamwagika. Nikamwambia tupumzike siku moja.

"Labda mimi sikuwa najua kupiga picha," akasema. "Labda watu ndio waliokuwa wanajua kutulia."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kuuzwa kwa mashine. Maana kama yeye hakujua, mimi nilikuwa naosha nini miaka yote kule gizani? Nilichukua kikombe nikakiosha, na kilikuwa hakijaisha chai.

Siku iliyofuata, kabla hatujalala, Mama Vitabu akapiga simu. Kitabu kinaingia mtamboni kesho jioni. Kama hana picha yetu atachukua ya mtu wa mbali, ndege wa huko, kwenye kompyuta.

Alfajiri mume wangu hakuinuka. Alikuwa macho, anatazama dari.

"Kuna mawingu," akasema. "Hakuna mwanga. Tutakwenda kufanya nini?"

"Amka. Mimi nimeshavaa viatu."

"Bibi wewe, hujachoka?"

"Nimechoka. Amka."

Akaamka. Njiani kila mmoja alisikiliza miguu yake. Mlinzi naye alikuwa amejifunika koti mpaka puani, akatufungulia bila utani. Mwanga wa siku ile ulikuwa kama wa chumba kilichoshushwa pazia. Nikaweka kigoda, akakaa, mimi nikapiga magoti mbele yake kwenye majani yaliyolowa, maana mikono yake ilikuwa inatetemeka kuliko siku zote.

"Weka lenzi begani kwangu," nikamwambia.

"Utaumia."

"Weka."

Tukasubiri. Goti langu la kushoto likafa ganzi, na la kulia likalalamika kwa niaba ya yote mawili. Ndipo mdiria akaja akatua juu ya usukani. Nilimsikia mume wangu akivuta pumzi, kisha akaishusha kamera.

"Giza," akasema kwa kunong'ona. "Itatoka kama zile."

Sikugeuka. "Pandisha namba."

"Mchanga je?"

"Mchanga ni kazi yangu, haikuwa yako hata siku moja. Pandisha."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka kamera ikubali."

Nikasikia kigurudumu kikizungushwa, tik, tik, tik. Ndege akajitupa majini kama jiwe, nikadhani ndiyo basi tena. Akaibuka, akarudi pale pale, na kisamaki kimekaa mdomoni kwa kukingama.

"Na ushikilie kitufe," nikasema.

"Hilo silitaki."

"Utalitaka kesho, na kesho hakuna kitabu. Shikilia!"

Lenzi ikarudi begani. "Usipumue," akaniambia, kwa sauti ile ile ya studio. Sikupumua. Kamera ikalia sikioni mwangu kama cherehani, haikunyamaza mpaka ndege alipokipigiza kisamaki kwenye chuma, akakimeza na kuondoka. Nikapumua mpaka nikaona nyota.

Ilibidi mlinzi aje kuninyanyua. Mume wangu hakuniona, alikuwa ameinamia kioo, anapita picha moja baada ya nyingine. Nyingine ndege ameipa kamera mgongo. Nyingine amefumba jicho. Nyingine kichwa kimekuwa vichwa viwili. Halafu kidole chake kikasimama.

Akanipa kamera. Nikavaa miwani. Jicho lilikuwepo, jeusi, lina nukta ya mwanga ndani yake. Mkia wa kisamaki umekunjika, tone la maji linaning'inia chini ya mdomo, na manyoya ya kichwani unaweza kuyachana. Nikaikuza kama mkwe alivyonionyesha, nikapita kifuani, nikapita kwenye mawingu ya nyuma.

"Mchanga?" akaniuliza.

"Upo. Kidogo, huku nyuma, na hapa kifuani."

Akasubiri kama mteja.

"Hii inatoka," nikasema.

Tulikwenda ofisini kwa Mama Vitabu moja kwa moja, na viatu vile vile. Wale vijana wenye kompyuta walitupisha, nadhani kwa sababu ya harufu. Mama Vitabu akaiweka picha kwenye kioo kikubwa, akasogeza kiti, akaitazama kwa karibu. Kisha akasema, "Mzee, huyu ananiangalia."

Akamwuliza jina kamili. Mume wangu akataja lake, la baba yake, na la babu yake. Mama Vitabu akasema nafasi inatosha mawili tu. Mume wangu akakubali mawili. Yalipotokea chini ya ndege yalikuwa na herufi ndogo kama sisimizi. Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Ndilo?" nikamwuliza.

"Ndilo," akasema. Akabaki ameinama hivyo hivyo, na mimi nikamshika kiuno asije akaanguka.

Mama Vitabu akafurahi, akatuletea chai. Halafu akatoa karatasi. Kumbe kuna kitabu cha pili, cha darasa linalofuata, na chote ni cha ndege. Anataka korongo, anataka mwewe angani, anataka chozi anayenyonya maua. "Sasa nimeshajua wa kumwita," akasema. Mume wangu akaipokea karatasi, akakaa kwenye kiti ambacho hakuna aliyemkaribisha.

Tulirudi nyumbani polepole, tukipumzika kwenye kila kizingiti cha duka kilichoturuhusu.

"Chozi ni mdogo kuliko kidole gumba," akasema njiani. "Na hatulii. Mara nyingine ananyonya huku anapiga mabawa."

"Nimemwona."

"Mtu atampigaje?"

"Unaniuliza mimi? Utakwenda au huendi?"

"Ngoja nifike nivue viatu."

Alifika, akakaa kitandani, akavua kimoja. Nilipotoka kuweka maji jikoni na kurudi, alikuwa amelala chali na kingine mguuni, kinywa wazi, karatasi ya Mama Vitabu imebaki mkononi. Nikamfungua kamba, nikakivua, nikakiweka chini pamoja na mwenzake. Nilitaka kwenda kuzima jiko. Nikakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, maana na mimi magoti yalikuwa yamekwisha.