Mlenda Una Karanga?

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ilikuwa ya kuchekesha watu. Ningependa nikuambie kwamba iliishia kwenye kicheko, lakini umri huu niliofika hauniruhusu tena kudanganya.

Wiki iliyopita wajukuu zangu walijazana kwenye kochi, hapa hapa Kikuyu ya Dodoma, wakitazama simu moja. Nikasikia sauti ya mwanamume ikiuliza, "Mlenda una karanga?" Wakaangua kicheko hadi mmoja akamwaga chai. Mimi nikaingia chumbani nikalia. Hawajui kwamba filamu ile ya zamani niliiongoza mimi, bibi yao. Wanadhani nilifundisha shule tu maisha yangu yote, na sikuwahi kuwasahihisha.

Miaka ile sisi hatukuwa na simu za mkononi. Tulikuwa kikundi cha maigizo cha Chang'ombe, mtaa wa hapa hapa Dodoma, watu tisa, na kiongozi wao nilikuwa mimi, binti wa miaka ishirini na sita mwenye mdomo mkali kuliko akili. Kamera tuliazima kwa mzee mmoja Mhindi aliyepiga picha za harusi. Alitupa mpaka saa tisa alasiri, kwa kuwa jioni alikuwa na harusi yake, na baada ya hapo hatukujua tungeipata lini tena.

Mchekeshaji wetu alikuwa Shabani, Mrangi wa Kondoa, fundi cherehani. Alikuwa mwembamba, uso wake wa huzuni, lakini akikutazama tu unacheka. Katika filamu alikuwa mkwe mvivu anayejifanya amekufa ili asiende kupalilia zabibu za baba mkwe. Ilibaki sehemu ya mwisho: amelala mkekani, amefunikwa shuka jeupe, watu wanamlilia, kisha ananusa chakula cha msibani, anainuka na kutimua mbio.

Saa tano asubuhi, Shabani akiwa ndani anapakwa poda, akaja konda wa basi la Kondoa. Akaniita pembeni.

"Dada Yuditha, mama yake Shabani ametangulia alfajiri," akasema. "Wanazika leo leo, lakini watamngoja mpaka karibu na magharibi. Sisi tunarudi saa sita. Wewe mwambie mama anaumwa tu, asije akaishiwa nguvu njiani."

Nikamwambia asante, nitamfikishia.

Mjumbe hauawi, wahenga walisema. Mimi niliuua ujumbe. Kwetu sisi Wagogo wa kanisani marehemu hungoja. Ndugu akiwa Mwanza atangojwa, akiwa Mtwara atangojwa. Nikajisingizia kwamba na Waislamu wa Kondoa watangoja hata kesho. Uongo mtupu, kwa maana konda alinieleza waziwazi. Ukweli ni kwamba niliitazama saa, nikaitazama kamera, nikaona Shabani akiondoka filamu yangu imekwisha. Nikasema moyoni, nusu saa tu.

Nusu saa ikawa saa tatu nzima. Mara mbuzi akakatiza, mara waliaji wakacheka kabla ya wakati. Saa sita ikapita nikiiona inavyopita. Ilipofika saa nane, tukapiga kwa mara ya mwisho. Shabani hakukimbia kama tulivyopanga. Aliketi polepole, shuka likamteremka mabegani, akamgeukia mwanamke aliyekuwa akipika mboga jikoni na kumwuliza kwa sauti ya mtoto aliyetoka safari, "Mlenda una karanga?"

Maneno hayo hakuyaandika mtu. Tulianguka chini kwa kicheko. Ukiitazama vizuri, picha inatikisika pale, kwa kuwa mpiga picha naye alishindwa kujizuia. Na mimi nilicheka, mwanangu. Nilicheka huku nimembebea msiba wake kifuani.

Kisha nikamwambia. Alikuwa bado amejitanda lile shuka.

"Konda alifika saa ngapi?" akauliza.

"Saa tano."

Hakunifokea. Alilikunja shuka pembe kwa pembe, kama fundi akunjavyo nguo ya mteja, akaniwekea mikononi. Akasema, "Haya, dada," akaenda kutafuta lori. Alifika kwao baada ya swala ya isha, watu wamekwisha kurudi kutoka makaburini.

Siku ya tatu nikaenda Kondoa kutoa pole. Nilimkuta baba yake, Mzee Issa, ameketi kwenye mkeka mlangoni, Shabani pembeni yake ameinamisha kichwa. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia, akasubiri mpaka nikamaliza kahawa. Wazee wa zamani hawakukemei ukiwa bado na kiu.

"Binti yangu," akasema, "kaburi lilikuwa tayari tangu adhuhuri. Tulikaa kando yake tukiitazama barabara ya Dodoma. Kila vumbi likitimka, tulisema huyo anakuja. Mama hupokelewa kaburini na mwanawe. Mke wangu alipokelewa na kaka yake, mzee kama mimi, magoti yanamtetemeka. Hayo ndiyo uliyotuchukulia."

Mpumbavu akikosa la kusema husema lolote. Nikamweleza kwamba angalau kazi ilitoka vizuri, kwamba Shabani aliinuka akauliza kama mlenda una karanga. Mzee akajifunika uso kwa kanzu, akalia.

"Hilo alimwuliza mama yake kila aliposhuka basi," akasema. "Hata kabla ya salamu. Na mama yake alikuwa akimjibu, 'Shikamoo kwanza, we mtoto.'"

Niliomba msamaha, nao wakanisamehe. Shabani aliendelea kuniitikia salamu hadi alipofariki, lakini hakuigiza tena hata siku moja. Mimi nami niliacha. Majuto ni mjukuu, na wangu wananichekea sebuleni na simu mkononi.

Kwa hiyo nisikilize, wewe mwenye haraka ya kufanikiwa. Habari ya mtu si mali yako. Ukikabidhiwa, ipeleke hiyo hiyo saa, hata kama kazi yako itaharibika, hata kama utachukiwa. Usimpimie mwenzako muda wa kulia. Filamu yangu ingengoja harusi kumi zipite. Mama wa Shabani hakuwa na siku nyingine ya kuzikwa. Nawe ukimwona mtu anachekesha, usidhani hana kwao.

Leo jioni nitawaambia wajukuu ukweli. Na wewe, mwanangu, Mungu akulinde katika safari zako, akujalie miaka mingi ya kushuka basi nyumbani kwenu ukiwa na njaa, ukiulizia chakula kabla ya salamu, na awepo wa kukuambia, "Shikamoo kwanza."