Sahani Inayoliwa Jikoni

Tangu vita vinikatishe shule, mimi ndiye ninayempeleka bibi zahanati ya Gitega kupimwa presha. Juzi mbele yetu kulikuwa na mume na mke, wote wawili wameagizwa wapunguze chakula na watembee. Mume alishuka kwenye mizani akijipapasa tumbo lililopungua. Mke hakupungua hata kidogo.

“Huyu anakula kwa siri,” mume alimwambia nesi.

“Mzee, mara nyingi wanawake huchelewa kupungua.”

“Anakula jikoni. Nitajuaje?”

“Baba watoto, basi njoo tule wote jikoni, uone,” mke alisema.

Mume alicheka, kisha akanyoosha mkono. Mke akampa ufunguo wa stoo ya chakula.

Bibi alinigeukia. “Kula ushibe, mjukuu wangu, kabla hujaolewa.”