Kiitaliano cha Fundi Mitambo

Wewe ungemwamini mfanyakazi mwenzako anayejifunza lugha ya Mzungu kwa kujificha? Mimi sikumwamini. Fundi huyu wa kiwanda chetu cha korosho, mwenye vidole vyeusi vya grisi, huandika kwa chaki ubavuni mwa pipa: io ho, tu hai, lui ha. Hukariri kwa sauti ya chini huku akiyumba, kama mtoto wa chuo cha Kurani na juzuu yake, na akisikia hatua zetu hufuta kwa kiwiko. Enzi hizi za Azimio la Arusha, mnyonge ana siri gani na bwana mashine, Mwitaliano anayesimamia mitambo? Jumatatu nilimkabili.

"Unamwambia nini yule Mwitaliano?"

"Namuuliza mama yake kaamkaje."

"Humjui mama yake!"

"Ndiyo maana nauliza, kaka katibu."

Vijana wa tawi langu la chama walicheka. Niliapa kumshtaki kikaoni, afukuzwe kazi.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta mbele ya Mwitaliano. Kando yake Somoe, mbanguaji, ameinua viganja vilivyobabuliwa na mafuta yanayoruka mashineni. Fundi alisema Kiitaliano polepole, akirudia alipokosea, akionyesha viganja, kisha mashine. Mwitaliano alimsikiliza mpaka mwisho, akaenda kuizima kwa mkono wake.